UZI: Nyumba ya Mjerumani tuliyoikuta na mkuyu ukutani: miaka mitatu ya kuitunza, pamoja na aibu zake

Mtunza Ufunguo

Wakuu, habari za wakati huu. Tangu nitaje ile nyumba kwenye uzi wa mtu mwingine nimekuwa nikiulizwa pembeni: mmefikia wapi, hela mnatoa wapi, mnatumia chokaa gani. Nimeona nifungue uzi wake niseme yote, na tuliyoboronga yakiwemo.

Mji sitautaja. Tuna barua mbili ziko mezani kwa watu, na mwenye barua mezani kwa mtu hapigi kelele nje ya dirisha lake. Itoshe kujua ni mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Tanzania, upande ule ambako vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilianzia mwaka 1888. Nyumba yenyewe ni ya enzi ya Mjerumani. Ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani vidole ndiyo vinaona jua. Baraza imeizunguka pande tatu. Mjerumani alipoondoka Mwingereza akaifanya ofisi. Baada ya Uhuru ikabaki ofisi, halafu ikawa stoo, halafu watumishi wawili wakapewa waishi, halafu wakaingia popo.

Sisi ni jumuiya ndogo ya kutunza historia ya mji. Siku ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja. Leo wanaofika kikaoni ni sita, waliobaki wako kwenye kundi la WhatsApp wanatuma "hongereni sana". Kuna walimu wawili wastaafu, fundi mwashi, mama mwenye mgahawa, kijana aliyesomea ukadiriaji majenzi, na mimi niliyepewa ufunguo kwa kuwa naishi jirani. Sifa nyingine sina.

Sasa kosa la kwanza. Tulianza na rangi.

Kulikuwa na wageni wanakuja, tukataka nyumba ionekane. Ukuta wa mbele ulikuwa umechubuka chini, mfano wa mtu aliyevuka mto na suruali ikalowa mpaka magotini. Tukachangishana, tukapata laki sita na kitu, tukanunua saruji na rangi nyeupe ya mafuta. Siku nne lipu imekwisha, siku mbili rangi. Picha zilipendeza, nisiwadanganye. Mgeni mmoja alisema nyumba imekuwa mpya.

Miezi minane baadaye napita asubuhi naona ukuta umevimba, kama chapati inayopanda kwenye kikaango. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama mtungi mtupu. Nikagonga tena, kipande cha upana wa mkeka wa kusalia kikashuka chote, kikaniponea mguu. Nyuma yake mawe yalikuwa yanatoka maji. Chokaa ya zamani katikati ya mawe imekuwa uji, unaichota kwa kijiko. Na juu ya mawe kulikuwa na unga mweupe. Nikalamba kidole, chumvi.

Tukamwita mzee mmoja, fundi wa zamani aliyekwisha kuacha kazi. Tukampa shikamoo, tukampa kiti, hakukaa. Aliweka kiganja ukutani muda mrefu, kisha akauliza: "Nani kaivalisha nyumba hii nailoni?"

Hakuna aliyejibu. Fundi wetu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Alivyotueleza ni hivi. Tumbawe ni jiwe lenye vitundu, linakunywa. Nyumba hizi hazina zuio la unyevu chini kwenye msingi, kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta kama mafuta kwenye utambi, yamebeba chumvi. Lipu ya chokaa inayaachia yatoke nje polepole, yanakauka kwa upepo. Ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, umri wake wote. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji hayaachi kuja. Yanatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni juu zaidi. Kwetu alama ya unyevu ilipanda kutoka magotini mpaka kifuani ndani ya msimu mmoja. Ingeendelea ingefika kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, na ncha ya boriti ikioza, sakafu ya juu inakuja chini na waliomo.

Tulitumia laki sita kuiumiza nyumba iliyosimama zaidi ya miaka mia moja bila msaada wetu. Na kuibandua ile saruji bila kung'oa mawe ilitugharimu kuliko kuipaka.

Naendelea baadaye kuhusu paa na mkuyu. Karibuni.

Boriti Tatu

Tiririka mkuu. Kwetu msikiti wa mtaa umepigwa saruji mwaka juzi na sasa unavimba hivyohivyo, watu wanasema ni jini. Hiyo chokaa mnachanganyaje?

Kizingo

Mimi nitakuwa mbaya kidogo, mnisamehe. Hivi nyumba ya mkoloni ya nini? Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889 na watu walewale waliojenga nyumba za namna hiyo. Babu zetu walibeba hayo mawe kichwani, wakalipishwa kodi ya kichwa, wakachapwa kiboko uani. Leo mjukuu anachangisha laki sita kupaka rangi ukuta wa aliyemchapa babu yake. Ingeanguka tu, kiwanja kikajengwa zahanati.

Mtunza Ufunguo

Mkuu Kizingo, hujawa mbaya. Hilo swali tulilijadili wenyewe kikao cha pili, kikavunjika.

Kwanza zahanati. Hakuna aliyekuja na hela ya zahanati sisi tukamzuia. Kiwanja kile kikiwa wazi kitajengwa fremu za maduka, wewe na mimi tunalijua hilo.

Pili, nani kajenga. Mjerumani alileta ramani na mabati na mihimili ya chuma. Kujenga kwa tumbawe na chokaa hakuja nako, alikukuta. Jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa limejengwa hivyo katika karne ya 14, na mji wa kale wa Gede kule kwa jirani zetu Kenya vivyo hivyo. Pale ngazini kwetu, tulipobandua tabaka za rangi, tulikuta lipu ya mwanzo ina alama za vidole vinne, mtu kalainisha kona kwa mkono badala ya mwiko. Nimeweka vidole vyangu pale, vinaingia. Hicho si kidole cha gavana.

Tatu, na hapa ndipo kikao kilipovunjika. Kuna chumba cha nyuma hakina dirisha, kina tundu moja juu la ukubwa wa tofali. Wazee wanasema waliwekwa watu humo. Mwenzetu mmoja akapendekeza tuweke viti vya plastiki, maana kinafungika vizuri. Mwalimu mmoja akasimama akasema kama viti vinaingia humo yeye anatoka. Tumekiacha kitupu. Watoto wa shule wakija tunawaingiza watanowatano, mlango unarudishwa nusu. Hakuna maelezo. Wanatoka kimya.

Nyumba ikianguka, Kizingo, chumba hicho nacho kinaondoka. Atakayekuja kusema haya hayakutokea hatakuwa na mahali pa kuingizwa.

Kizingo

Hapo kwenye viti nimekuelewa. Mengine bado.

Fundi Mstaafu

Boriti Tatu ameuliza chokaa. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana, nitasema kwa kifupi.

Zamani tulichoma mawe juu ya magogo, tanuri la duara, usiku kucha. Siku hizi nunua ya mifuko, ila iwe mpya. Iliyokaa dukani muda mrefu imeshakufa kwa hewa. Msiende kuvunja matumbawe hai baharini, hiyo ni nyumba ya samaki na sheria itawakamata.

Chokaa iliyotoka kwenye moto ni kali. Kuizima, tangulizeni maji shimoni ndipo mtie chokaa kidogokidogo, msifanye kinyume chake. Inachemka na kuruka, inapofua macho. Ikishazimwa ifunikwe na maji juu yake, ilale. Wiki kadhaa ndiyo mwanzo. Sisi tuliilaza miezi. Ikilala vizuri inakuwa laini kama siagi, inashika mwiko hata ukiugeuza.

Mchanganyo wa lipu: chokaa moja, mchanga tatu. Mchanga wa mto, uliooshwa. Wa pwani una chumvi, utarudia ugonjwa uleule. Penye maji mengi ongeza vumbi la tofali la kuchoma lililotwangwa, linasaidia chokaa kushika hata penye unyevu.

Sasa kinachowashinda vijana ni subira. Saruji inashika kwa maji, chokaa inashika kwa hewa, tena taratibu. Tabaka jembamba, sentimeta moja isizidi. Lowesha ukuta kwanza. Piga, acha siku kadhaa, rudia. Jua kali likiipiga itapasuka kama tope la mbuga, kwa hiyo ning'iniza magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, uyamwagie asubuhi na jioni. Mwisho paka chokaa ya maji, si rangi ya mafuta. Kila mwaka au miwili unarudia, ndiyo matunzo yenyewe.

Msikiti wenu hauna jini.

Shangazi wa Forodhani

Asalaam aleikum. Naandika kutoka Unguja. Nyie mna nyumba moja, sisi tuna mji mzima, Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000 na mamlaka yake ya hifadhi ipo tangu 1985, na bado tulilia.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilijengwa 1883 na Seyyid Barghash. Mwaka 2012 kona ya baraza ilidondoka. Tukaiona, tukapita chini yake tunanunua urojo. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati matengenezo yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka, watu wawili wakafariki. Mimi nilisikia kishindo nikadhani ni meli.

Kwa hiyo mwanangu Mtunza Ufunguo, ukisema baraza imezunguka pande tatu mimi nasikia hatari pande tatu. Umetaja mihimili ya chuma. Chuma kikila kutu kinavimba, na kikivimba kinapasua kilichokizunguka. Ukiona ufa mnyoofu unaofuata mstari wa mhimili, hao watoto watanowatano wasipite chini yake mpaka mtu mwenye elimu yake aje kupima. Usiniambie ni ufa wa siku nyingi.

Mtunza Ufunguo

Shangazi, shikamoo. Ufa upo. Upande wa magharibi. Nilikuwa najiambia hayo hayo, kwamba ni wa siku nyingi. Kesho nafunga upande ule kwa kamba na kuweka nguzo za muda.

Mpiga Mhuri

Naongeza upande wa karatasi, maana nyumba nyingi zinafia huko.

Watu wengi wanadhani jengo likiwa la mkoloni basi linalindwa. Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ya Bara inalinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mjerumani alikuja baada ya hapo, kwa hiyo nyumba yake hailindwi mpaka Waziri aitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Kichekesho ni kwamba mlango wa kuchonga uliotengenezwa kabla ya 1940 unatajwa na sheria ileile kama kitu cha kulindwa. Unaweza kuwa na mlango unaolindwa kwenye nyumba isiyolindwa.

Pili, mwenye nyumba ni nani? Fuateni mlolongo: baada ya vita ya kwanza Mwingereza alichukua mali za Wajerumani kama mali za adui na nyingi akaziuza. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa, zikaenda kwa Msajili wa Majengo. Mwaka 1990 kazi zake zikahamia Shirika la Nyumba. Nyingine zilikuwa za serikali tangu mwanzo, zikagawiwa idara hii na ile kwa barua ya ukurasa mmoja ambayo leo haionekani. Msitie hata msumari kabla ya kuwa na maandishi ya mwenye mali, hata kama ni mkataba wa miaka michache. Jengo mkishalipendezesha, wenye nalo huwa wanajitokeza.

Mtunza Ufunguo

Mpiga Mhuri umenisomea nyota. Tulipotoa popo na kufagia, ndani ya mwezi idara mbili zilituandikia kila moja ikidai nyumba ni yake. Miaka yote ya popo hakuna aliyeitaka. Ndizo zile barua mbili.

Mswahili wa Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Mimi naona mwazungumza kuta sana, matumizi kidogo. Nyumba isiyo na mtu ndani hufa hata ikipakwa chokaa kila Ijumaa.

Huku kwetu tuna mifano miwili. Nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, pale Nairobi ilijengwa 1912, serikali ya Denmark ikaitoa kwa Kenya wakati wa uhuru, na tangu 1986 ni makumbusho. Yapendeza, mgeni alipa kiingilio, aangalia kitanda, aenda zake. Ya pili ni maktaba ya McMillan pale Nairobi, ya 1931, ambayo Waafrika hawakuruhusiwa kuingia zamani hizo. Shirika la Book Bunk lilichukua kazi ya kuikarabati pamoja na maktaba za mitaa ya Eastlands, na wametaka ibaki maktaba, watoto waende wakasome mle mle walimozuiwa kuingia bibi zao. Kwangu mimi ya pili ina uhai zaidi. Ndugu Kizingo naona angelikubali nayo.

Na hapo kwenu Mikindani boma la 1895 lilikodiwa na shirika moja la hisani la Uingereza, likafanywa hoteli, paa likapona. Sisemi ni vibaya. Lakini mwenyeji aingia kwa mlango gani?

Kizingo

Ya maktaba naikubali. Ya hoteli ndiyo niliyokuwa naiogopa.

Mtunza Ufunguo

Mrejesho, wakuu. Niliahidi paa na mkuyu.

Mkuyu kwanza. Ulikuwa umeota juu ya dirisha la ghorofani, mbegu waliileta ndege. Tulipoanza tulitaka kuung'oa kwa kamba, vijana wanne, "vuta!" Bahati nzuri kamba ilikatika. Mzizi ule ulikuwa umeingia katikati ya mawe mpaka ndani, na baada ya miaka yote hiyo ndio ulioyashika. Ungetoka na ukuta. Tuliukata kwa msumeno sawasawa na ukuta, tukaua kisiki, tukasubiri ukauke. Halafu jiwe moja linatolewa, mzizi unatolewa, jiwe linarudishwa kwa chokaa, ndipo linalofuata. Dirisha moja, wiki saba. Mama wa mgahawa alikuwa anatuletea chai, akasema hata kofia haijawahi kudariziwa taratibu hivyo.

Paa. Kama ningeanza upya leo, hela yote ya mwaka wa kwanza ningeitia kwenye paa na mifereji, ukuta nisiuguse hata kwa ufagio. Mfereji wa upande wa kusini ulikuwa umetoboka, kila masika maji ya paa zima yanashuka sehemu moja ya ukuta. Yale "magoti yaliyolowa" tuliyoyapiga saruji, nusu yake yalitoka juu! Hatukuwahi kuinua macho.

Tumebadilisha mabati yaliyooza, yaliyo mazima tumeyarudisha. Mifereji mipya, na maji yanapelekwa mbali na msingi kwa mtaro wa mawe. Upande wa magharibi bado una nguzo za muda, Shangazi. Mhandisi amekuja, kasema mihimili miwili itolewe na hela hatuna, kwa hiyo kamba itakaa na watoto wanaingilia mashariki.

Matumizi: vyumba viwili vya chini wanafunzi wanasomea jioni. Ombi lao lilikuwa meza na taa tu. Idara moja kati ya zile mbili imetupa maandishi ya miaka mitano. Nyingine imenyamaza, nami sijui kama huo ni ukimya wa kukubali au wa kuchaji simu.

Jana usiku masika yamefungua. Saa nane nikaamshwa na kishindo cha mvua kwenye bati langu, nikachukua tochi na ufunguo nikaenda. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapanga ndoo kumi na nne ghorofani. Nilisimama katikati ya chumba kikubwa, nikazima tochi nisikilize. Inavuja sehemu moja. Ndoo moja.

Fundi Mstaafu

Hiyo moja iko upande gani?

Mtunza Ufunguo

Kusini mashariki mzee, karibu na mlango wa barazani.

Fundi Mstaafu

Mvua ikikata panda uangalie bati la pili kutoka ukingoni. Mabati ya zamani mkiyarudisha, tundu la msumari wa mwanzo mnalisahau wazi.

Mtunza Ufunguo

Nimepanda. Ni tundu la msumari.